Mji Niliouuza kwa Simu

Nyinyi mnaonikamata baada ya ibada na kuniuliza, "Mama Neema, ile kazi ya kol senta ikoje?", leo kaeni chini niwajibu mara moja ili mniache nile chakula changu. Nimestaafu. Sikio la kulia linasikia nusu, mgongo umevikataa viti vya ofisini vya kuzunguka, na sina tena meneja wa kuniogopesha, kwa hiyo nitasema nipendavyo. Kazi yenyewe si ngumu. Ni ya kijinga, na ugumu wake ni kuifanya kwa makini bila kuonyesha kwamba ujinga wake umeshaugundua.

Mimi nilikuwa mwongoza watalii. Msicheke. Kwa miaka mingi nimewaongoza Wajerumani, Wamarekani na Waingereza wenye makoti ya mvua katika mji mdogo wa Ayalandi ulio kando ya mto. Nimewavusha darajani, nimewapandisha ngomeni, nimewashusha kisimani kwa mtakatifu. Yote hayo nimeyafanya nikiwa ghorofa ya tatu ya jengo la vioo hapo Sandton, hapahapa Johannesburg, hedifoni masikioni na mtandio mabegani kwa sababu ya kiyoyozi. Ayalandi yenyewe sijaitia mguu mpaka leo.

Mambo yalikuwa hivi. Mji ule una kamati ya urithi na utalii. Kamati ilitaka watalii wapate mtu wa kuongea naye kwenye simu, ila haikutaka kumlipa mtoto wa mji wao akae kusubiri simu ilie. Ikaipa kazi kampuni moja ya hukohuko Ulaya, ile ikaipa nyingine, na hiyo nyingine ikatutafuta sisi, maana sisi tulikuwa bei ya karanga. Basi kwenye kibao cha darajani kukaandikwa kwamba ukipiga namba hii utaongea na wenyeji. Wenyeji wenyewe ndio hao: mimi mtu wa Temeke, Furaha mtu wa Bukavu, Sipho wa Soweto, na meneja wetu Wachira, Mkenya wa Nakuru aliyezungumza Kiswahili ndani ya lifti tu, tena mkiwa wawili.

Jina la mji sitalitaja. Kwanza ni heshima, pili liliandikwa kwa herufi chungu nzima ambazo nusu yake hazitamkwi, na kila mgeni aliyeajiriwa alilivunjavunja kwa namna yake. Sisi wa Kiswahili tuliuita Mtoni. Nilikuwa nacheka peke yangu, kwa sababu Mtoni ya kwetu Temeke naijua, na haijapata kuletewa mtalii kwa makusudi.

Sasa niwaambie nilikuwa nauza nini. Kulikuwa na ngome. Ngome ile ni ukuta mmoja na nusu, na ngazi zinazopanda vizuri kabisa mpaka hewani. Kwetu nyumba ya namna hiyo hupigwa X nyekundu, na wiki inayofuata katapila linakuja. Kule wameizungushia kamba na kuiita mabaki ya kuvutia. Kulikuwa na kisima cha mtakatifu ambaye maji yake yalitibu maumivu ya meno, lakini mtalii akiuliza kama anaweza kuyanywa, skripti, yale majibu tuliyoandikiwa, ilinitaka niseme kwamba kamati haishauri. Kulikuwa na kinu cha zamani cha kusaga unga ambacho sasa kinauza keki. Kulikuwa na makumbusho ya chumba kimoja, yenye jembe, kiatu cha mtu asiyejulikana na pipa la kusukia siagi, na yalifunguliwa iwapo mama mwenye ufunguo hakuwa kwa binti yake. Na kulikuwa na bata maji weupe, wazuri sana pichani, ambao huuma.

Msidhani nawadharau. Niliupenda mji ule, kwa hasira fulani. Jioni nilikuwa napanda teksi kurudi nyumbani Berea, kwenye jengo ambalo lilijengwa kwa fahari kuliko kinu chao. Lina ngazi za marumaru, vigae vya rangi mlangoni, na lifti yenye mlango wa chuma wa kukunja. Lifti hiyo haijapanda tangu enzi ambazo hata mlinzi hazikumbuki. Ingekuwa Mtoni wangeiwekea kibao, na mimi ningemweleza Mjerumani habari zake kwa sauti tamu. Kwa kuwa iko Berea, watu wanatupia mifuko ya taka ndani yake na kupanda kwa miguu.

Aliyenifundisha kazi ni Nomsa, mwanamke mzito wa Soweto, mtangulizi wetu sote. Siku ya kwanza aliniita "sisi". Wiki nzima nikadhani ananijumuisha. "Sisi, njoo hapa," anasema, nami najiuliza mimi na nani. Kumbe kwao ni neno la kumwita dada. Alinikalisha kando yake na kunipa kijioo kidogo cha mkobani, akaniambia nikiweke mbele ya skrini, nijitazame kabla ya kupokea simu, kwa sababu uso ulionuna husikika hadi Ulaya. Hilo ni kweli kabisa. Mkiajiriwa, nunueni kijioo.

Alinifundisha pia kwamba usimweleze mtu habari za mvua kabla hujaiangalia kwenye kamera ya darajani. Kamera ile tuliiona kwenye kompyuta, ikionyesha mto na kipande cha barabara. Na usiseme "sijui", sema "ngoja niangalie". Na zaidi ya yote, usimpe mtalii historia kabla hajakojoa. Mtu akipiga simu na kuanza, "Samahani, kuhusu ngome," anataka choo. Akianza, "Tuko kwenye gari," anataka mahali pa kuegesha. Mimi nimesomeshwa karne na karne za mji ule, wafalme waliochomeana nyumba, watawa waliokimbia na vikombe vyao vya fedha, na katika kila simu kumi nilizopokea, karibu zote zilikuwa za vyoo. Urithi wa binadamu ndio huo.

Lakini kanuni kubwa ilikuwa moja. Hatukuruhusiwa kusema tuko wapi. Mtalii akiuliza, "Wewe uko hapa mjini?", jibu lilikuwa limeandikwa kwenye skripti kwa herufi nene: "Niko mezani kwangu." Nilimwambia Nomsa huo ni uongo. Akanitazama kwa huruma.

"Sisi, hiyo ni meza?"

"Ni meza."

"Uko hapo?"

"Nipo."

"Sharp, basi. Pokea simu."

Makosa yalikuwepo, na ndiyo yaliyotupa raha. Sipho alimwelekeza Mjerumani mmoja, mwenye watoto wawili wadogo garini, aende moja kwa moja mpaka kwenye roboti, kisha akate kushoto. Nyinyi mliozaliwa hapa hamwoni ajabu, maana hapa taa za barabarani ndizo roboti. Mjerumani alizunguka Mtoni nzima akitafuta roboti. Aliuliza dukani, aliuliza kanisani, watoto wakaanza kulia kwamba wameahidiwa roboti na hawalioni. Mwishowe kamati ilituandikia kwa upole sana kuuliza kama kuna kivutio kipya mjini kwao ambacho hawajajulishwa. Sipho alijiita mwenyekiti wa roboti mpaka alipoacha kazi.

Zana nazo zilibadilika. Nilianza na jalada la picha lililochakaa, ukurasa wa ngome ukiwa na doa la chai. Ikaja skrini, ikaja ramani unayoweza kuisogeza, mwishoni ikaja mashine inayosikiliza kila simu na kutoa alama. Mashine ile ilitaka useme "vizuri sana" angalau mara mbili. Bibi mmoja alinipigia kusema mumewe ameanguka kwenye ngazi za ngome na ameumia mguu. Nilimwitia gari la wagonjwa, nikamtuliza, nikakaa naye kwenye simu mpaka walipofika. Mashine ikanikata alama kwa kukosa uchangamfu. Nyinyi mtafanya kazi na mashine hizo tangu siku ya kwanza, kwa hiyo jifunzeni kusema "vizuri sana" bila kuhusisha akili.

Sasa niwaambie habari ya Furaha, maana ndiyo inayonifanya nizungumze badala ya kula.

Pale Mtoni, kwenye gati la zamani, kuna sanamu ya shaba. Ni mwanamke mwenye furushi mkononi na mtoto kando yake, anatazama mto unakokwenda. Ni kumbukumbu ya watu waliokimbia njaa kuu zamani, wakapanda mashua kwenda baharini, na kutoka hapo wakaenda Amerika wasirudi. Skripti ilisema sehemu hii isomwe polepole. Sisi wengine tuliisoma polepole kama tulivyoagizwa. Furaha aliisoma na watu wakalia. Naye alikuwa ametoka Bukavu wakati wa vita na mtoto mgongoni, akipandia malori, akilala mipakani, mpaka Berea, kwenye chumba alichogawana na familia nyingine kwa pazia. Alikuwa na watoto watatu na mama mzazi aliyebaki kule. Hakuhitaji kufundishwa sauti ya kusomea.

Hapa naomba niseme jambo lililoniudhi, na linaniudhi hadi leo. Mkimbizi wa shaba aliwekewa maua mapya kila mara, nilikuwa nayaona pichani. Meya alimhutubia. Watoto wa shule walimwimbia. Mkimbizi wa nyama alikuwa anaamka alfajiri kupanga foleni kwenye ofisi ya vibali, akaambiwa mtandao uko chini arudi kesho, kisha anakimbilia kazini kusoma kwa huruma habari za yule wa shaba. Nilimwambia Wachira siku moja. Akasema, "Mama Neema, hiyo siyo kwa skripti."

Furaha aliajiriwa kwa sababu ya Kifaransa. Karatasi zake za ukimbizi zilikuwa zimemfungia milango mingine yote, lakini Wafaransa wanaopiga simu wapo, na sisi wengine Kifaransa chetu kiliishia kwenye salamu. Kisha kampuni ikapunguza watu. Nomsa akastaafu, hakuletwa mwingine. Wachira akaamua kwamba Furaha apokee na simu za Kiingereza, kwa mshahara uleule, na akaliita hilo nafasi ya kukua. Kiingereza cha Furaha kilikuwa kizuri, ila alikipika jikoni kwa Kiswahili kabla ya kukipakua.

Ikaja simu ya bibi mmoja Mmarekani. Alikuwa mzee, amesafiri peke yake, na alikuwa amesimama kando ya ile sanamu, mvua ikianza. Mama wa bibi yake alitoka mji ule wakati wa njaa, akiwa binti, akawaacha wazazi wake wamezikwa kwenye makaburi ya maskini. Alitaka kuyaona. Kila mtu alikuwa amemwonyesha ngome. Furaha akatafuta kwenye skrini, makaburi ya maskini hayamo. Kamati haikuyaweka, nadhani hayakuwa ya kuvutia. Mimi nilikuwa safu ya nyuma, na alijua kwamba jalada langu la zamani ninalo bado. Basi akamwambia yule bibi kwa Kiingereza chake, "Kaa hapohapo, mama, nakuja." Akaweka muziki wa kusubirisha, akavua hedifoni, akanifuata.

Mnaelewa alichosema. Sisi sote, tangu Temeke mpaka Bukavu mpaka Nakuru, anayeondoka ndiye husema "nakuja". Anavaa viatu, nakuja. Anashika kitasa cha mlango, nakuja. Anayebaki anajua kwamba jamaa ameshakwenda, na wala hamsubirii chai. Furaha alilihamisha neno hilo kama lilivyo hadi Kiingereza, na Kiingereza kikalipokea kwa maana yake kavu.

Tukiwa tumeinamia jalada, ndiyo kwanza tumeipata njia ya kwenda makaburini, mgao wa umeme ukatufikia. Jenereta ikakohoa, ikazima, ikakohoa tena. Taa ziliporudi, simu ilikuwa imekatika na namba ya yule bibi haikuonekana. Furaha alisikitika, akapokea simu nyingine. Ilikuwa ya choo.

Na yule bibi akakaa hapohapo. Kwa nini asikae? Kibao kilisema ataongea na wenyeji, na mwenyeji amemwambia anakuja. Alisimama kando ya shaba ile mvua ikimpiga, akimtazama kila mwanamke aliyepita kama ndiye. Akakaa mpaka muuza samaki wa kukaanga alipokuwa anafunga duka, akamwona, akamuuliza anamngoja nani. Akasema anamngoja mwenyeji wa kwenye simu. Muuza samaki akacheka, akasema mji mzima hakuna mwenyeji wa kwenye simu. Akamwingiza ndani, akampa supu. Kesho yake habari ikawa imeenea.

Kamati ilishtuka. Ilishtuka sana, ile kamati iliyotia saini makaratasi yote ili mwenyeji asiwepo. Ikaiandikia kampuni kwamba mgeni wao amedanganywa, na mtu aliyemdanganya aondolewe. Wachira alikuwa na njia nyingi za kulijibu hilo. Alichagua iliyo fupi. Furaha akaitwa kwenye kikao cha nidhamu kwa kosa la kumdanganya mteja.

Mnisikilize vizuri hapa, kwa sababu na nyinyi yatawafika. Kufukuzwa kwa kuchelewa ni jambo moja. Kufukuzwa kwa udanganyifu ni jingine, maana kol senta za mji huu huulizana, na kwa karatasi alizokuwa nazo Furaha hakuna ambaye angemchukua tena. Chumba cha Berea kingekwenda, shule ya watoto ingekwenda. Alinijia wakati wa chakula, sahani mkononi, hajagusa kitu.

"Dada Mama Neema, miye sikudanganya mutu. Nilisema tu angojee, niko nakuya."

"Najua."

"Sasa banasema juu ya nini nilidanganya?"

"Kwa sababu hukwenda."

"Niende Ireland na nini?" akasema, akaanza kucheka, kisha akalia. Sheria inakuruhusu kuja na mfanyakazi mwenzako wa kukutetea, na aliniomba mimi. Nilikubali kwa sauti ya mtu anayejua sheria. Sikujua hata kifungu kimoja.

Kikao kilifanyika kwenye chumba cha vioo, ili kila apitaye akuone unavyofukuzwa. Mwenyekiti alitumwa kutoka makao makuu, mzungu mmoja mzee aitwaye Bwana Pieter, mwenye miwani iliyofungwa kamba. Walicheza rekodi ya simu. Sauti ya Furaha ikajaa chumbani: kaa hapohapo, mama, nakuja. Kisha zumari la Ayalandi la kusubirisha likalia, kisha simu ikakatika. Mazungumzo yote yalikuwa ya Kiingereza, mimi nawapa kwa lugha ya kueleweka.

"Ulimwahidi utamfuata?" Bwana Pieter aliuliza.

"Hapana, mkubwa," Furaha akasema. "Nilimuaga."

Bwana Pieter alinigeukia. Nikaona sasa ndiyo zamu yangu. "Bwana mwenyekiti, katika lugha yetu, anayesema nakuja ndiye anayeondoka."

Akavua miwani. "Anayeondoka anasema anakuja?"

"Ndiyo."

"Na yule anayekuja kweli, anasemaje?"

"Anasema yuko njiani. Lakini mara nyingi huyo bado yuko kitandani."

Wachira alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa. Alivaa suti ya kijivu siku hiyo, na Kiingereza chake alikinyoosha kuliko suti. "Mwenyekiti, tusipoteze muda. Hayo ni mazungumzo ya mitaani. Mimi pia nazungumza Kiswahili, na mtu wa ofisi husema anachomaanisha. Mimi binafsi sijawahi kusema nakuja huku natoka."

Mungu ana kazi nyingi, lakini siku ile alipata nafasi. Simu ya Wachira ikatetemeka mezani. Aliisikiliza, uso ukabadilika. Mlinzi wa chini alikuwa anamwambia gari lake limemzibia mkurugenzi njia, na mkurugenzi anapiga honi. Wachira akaruka, akajifunga kifungo cha koti, akaufungua mlango, akamwambia Bwana Pieter kwa kile Kiingereza kilichonyooka, "Samahani, mwenyekiti, nakuja."

Akatoka. Tulimwona kupitia vioo akikimbilia lifti.

Bwana Pieter aliutazama mlango. Kisha akanitazama mimi. "Anakuja kutoka wapi?"

"Mwenyekiti," nikasema, "huyo ameshakwenda."

Yule mzee alicheka mpaka miwani ikabembea kifuani. Mimi nikacheka. Furaha peke yake hakucheka, na alikuwa na haki, kwa sababu kicheko cha mwenyekiti hakijawahi kumlipia mtu chumba. Bwana Pieter alipotulia alisema jambo hilohilo kwa njia ya ofisi. Alisema yeye ameridhika kwamba Furaha hakukusudia uongo. Lakini mteja alikaa mvuani, na kama mteja mwenyewe anasema alidanganywa, hawezi kulipuuza. Akapekua makaratasi.

"Mteja mwenyewe amesema nini?"

Kwenye makaratasi yote yale mlikuwa na maneno ya kamati, maneno ya kampuni, na maneno ya Wachira. Hakuna aliyemuuliza yule bibi. Namba ya nyumba ya wageni aliyofikia ilikuwepo, kamati iliiweka kama ushahidi wa jinsi inavyojali wageni. Bwana Pieter akaivuta simu ya mezani, akabonyeza spika, akapiga.

Wachira alirudi simu ikiwa inaita, anajipangusa jasho. Alipoelewa nani anapigiwa, alisimama nyuma ya Bwana Pieter akatutolea macho mimi na Furaha, akaigonga meza kwa kidole, mara ya kwanza polepole, mara ya pili kwa nguvu. Tulielewa. Tukiulizwa tuko wapi, tuko mezani. Kanuni ile haikuwa na onyo la kwanza wala la pili. Ukiivunja unatoka siku hiyohiyo.

Yule bibi alipokea. Sauti yake ilikuwa na mafua. Bwana Pieter alijitambulisha, akaeleza kwamba anachunguza habari ya siku ile ya mvua, akamuuliza kama anajiona amedanganywa.

Yeye akauliza, "Yule mwanamke yupo hapo?"

"Yupo."

"Nilimngoja. Alikuwa na sauti ya mtu ambaye angekuja." Akakohoa. "Sijakasirika. Nataka kujua tu, alikuwa wapi?"

Wachira akagonga meza. Nami, naona aibu kuwaambia, mdomo wangu ulikuwa tayari umeshaanza kulitamka jibu la skripti, maana nilikuwa nimelisema miaka yote hiyo. Furaha alinitangulia. Aliisogelea simu mpaka nywele zake zikaigusa.

"Niko hapa, mama. Mimi ndiye. Niko Johannesburg, Afrika Kusini."

Wachira alifumba macho. Mimi nilishika ukingo wa kiti. Nilijua kwamba tulichokuwa tumekipata kwa kicheko amekirudisha chote mezani kwa sentensi moja, na nilitamani nimzibe mdomo, na nilimwonea fahari, vyote kwa pamoja. Upande wa pili kijiko kiligonga kikombe.

"Johannesburg!" yule bibi akasema. "Mungu wangu! Basi si ajabu umechelewa, mwanangu."

Bwana Pieter alikohoa kikohozi cha uongo, akavaa miwani, akaandika mstari mmoja kwenye karatasi yake na kuugeuza upande wetu tuusome. Uliandikwa kwamba hakuna kosa. Wachira akainama, akamnong'oneza, "Lakini bwana, amesema Johannesburg."

"Na yuko Johannesburg," Bwana Pieter akasema. "Kaa chini."

Furaha hakuuona hata huo mstari. Alikuwa bado ameinamia simu.

"Mama, makaburi uliyapata?"

"Sijayapata. Kila ninayemuuliza ananipeleka ngomeni."

"Mvua inanyesha?"

"Manyunyu tu."

Furaha akavuta kiti, akaketi vizuri kama yuko kazini. "Basi chukua mwavuli, mama," akasema. "Twende."